Boti Isiyo na Breki

Mwalimu Breki alikuwa hajapotea tangu azaliwe. Hilo alilisema mwenyewe, na kwa kuwa alikuwa na kawaida ya kulisema akiwa ndani ya gari lenye mwendo, hakuna aliyethubutu kumbishia. Kazi yake ilikuwa kufundisha watu kuendesha. Mji wote alikuwa nao kichwani: kila kona, kila mzunguko, kila taa inayosahau kuwaka kijani, kila tuta lililojengwa na manispaa kisha likanyimwa rangi ili libaki siri. Jina la Breki alipewa na wanafunzi. Gari la kufundishia lina breki ya pili upande wa mwalimu, na kila aliyepita mikononi mwake alihitimu akiwa na vitu viwili, leseni na imani kwamba mguu wa kulia wa yule mzee haujawahi kulala usingizi.

"Wewe endesha, mimi nielekeze," aliwaambia siku ya kwanza. "Tukifanya yote mawili kila mtu, tutafika mtaroni."

Mkewe alikuwa mfamasia, na alikuwa na tabia yake: hakumeza, hakuwasha wala hakuchomeka kitu chochote ukutani kabla ya kusoma karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi. Pasi mpya ilikaa kabatini mpaka ikaonekana ya zamani, ikisubiri kusomwa. Watu wengine husoma karatasi hizo mambo yakishaharibika. Yeye alizisoma ili ajue yataharibikaje.

Watoto wao mapacha walikuwa wameshakua na kuhama, wakaacha vyumba vitupu na majina. Wazazi waliendelea kuitana Baba Pacha na Mama Pacha, kama duka linaloendelea kuitwa la mikate wakati ndani linauza saruji. Nyumba ilikuwa kimya kiasi kwamba friji ikizima unashtuka. Katika ukimya huo ndipo Mwalimu Breki aliponunua boti.

"Ya nini?" aliuliza Mama Pacha.

"Ya sisi wawili."

"Sisi wawili tuna sebule."

Ilikuwa boti ndogo ya faiba, ya matembezi, yenye injini ya kufunga nyuma, usukani mdogo, kiti cha dereva na kiti cha pembeni yake. Ubavuni aliiandika jina kwa mkono wake mwenyewe: TARATIBU. Nafasi ilimwishia njiani, kwa hiyo herufi ya mwisho ikabidi ishuke kidogo, kama mtu anayechungulia maji kabla ya kuingia.

Siku ya kwanza walitoka wote wawili. Ziwa lenyewe halikuwa la kutisha, ila lilikuwa na visiwa vingi vidogo vilivyofanana kama vifungo vya shati moja, na asubuhi ile ukungu ulikuwa umejikalia juu ya maji kama mgeni asiyeaga. Mwalimu Breki alikata kushoto kwenye kisiwa cha kwanza na kulia kwenye cha pili, kama afanyavyo mjini. Mama Pacha akaona ufukweni kiti cha plastiki cha bluu kilichovunjika mguu. Baadaye akakiona tena. Kilipotokea mara ya tatu alikipungia mkono.

"Baba Pacha, yule tumeshafahamiana naye."

"Viti vya aina ile ni vingi."

"Vilivyovunjika mguu uleule?"

"Ni udhaifu wa kiwandani," alisema Mwalimu Breki, akatoa simu ili kuthibitisha kwamba hajapotea. Vidole vyake vilikuwa vimelowa, skrini ikakataa kumtambua. Akaipangusa kwenye shati, ikamponyoka, ikagonga ukingo wa boti na kuzama. Kuanzia hapo, kati ya wote waliotoka pamoja asubuhi ile, simu peke yake ndiyo iliyojua ilipo.

Walikuja kugusa nchi kavu kwenye mtambo wa kusukuma maji, ambako mlinzi aliwauliza kama wametumwa na makao makuu kukagua pampu. Mwalimu Breki alikaribia kusema ndiyo. Walirudishwa mjini kwa lori la mabomba, Mama Pacha akiwa amekaa pembeni ya dereva, bado amevaa jaketi okozi, mkoba ameuweka magotini kama mtu anayetoka kazini. Njia nzima hakufungua mdomo. Aliufungua mlangoni kwao.

"Sikanyagi tena chombo hicho."

Tangu siku hiyo Mwalimu Breki alitoka peke yake kila Jumapili. Kwa kuwa boti ililalia upande mmoja, aliweka dumu lililojaa maji kwenye kiti cha mkewe. Dumu lilikaa vizuri. Halikuogopa mawimbi, halikuuliza chochote kuhusu viti vya plastiki. Lakini ndege mweupe akiinuka majini na samaki mdomoni, Mwalimu Breki aligeuka kusema "Umeona?" na kujikuta anazungumza na dumu. Hakwenda mbali. Alizunguka boya la kwanza, akarudi, akafunga kamba, kisha akakaa ndani ya gari kwa muda kabla ya kuliwasha.

Aliyeliweka jambo hilo mezani alikuwa dada yake Mama Pacha, aliyeitwa na ukoo mzima Dada Mkubwa, mwanamke aliyestaafu ualimu wa shule bila kustaafu kusahihisha.

"Shemeji," alisema huku akijimiminia chai, "nasikia siku hizi unatoka na dumu."

"Ni la kusawazisha uzito, shemeji."

"Sijakataa. Na dumu halinuni. Ila boti ya watu wawili inayotembeza dumu, si ingeuzwa tu? Yule Kapteni pale gatini anasema mnunuzi yupo, anasubiri simu tu."

Mwalimu Breki alimtazama mkewe. Mkewe alilitazama bakuli la sukari kwa makini kana kwamba lina maandishi.

"Na ikiwekwa kifaa cha kuonyesha njia?" Mwalimu Breki aliuliza, na sauti yake ilitoka ndogo kuliko alivyoipanga. "GPS. Ya boti. Kinajua kila kitu."

"Kama wewe," alisema Dada Mkubwa.

Mama Pacha alikoroga chai ambayo alikuwa ameshaimaliza. "Haya," alisema. "Nunua. Nitapanda mara moja. Tukienda tukarudi bila kupotea, hilo dumu litafute kiti kingine. Tukipotea, boti inauzwa, na humu ndani maji tutayazungumzia ya kuoga tu."

"Nani ataamua kama tumepotea?"

"Si mimi hapa?" alisema Dada Mkubwa. "Nitawasubiri gatini. Nimesahihisha watoto wa watu miaka yote, nitashindwa na nyinyi?"

Mwalimu Breki alianza kwa kuomba ushauri, jambo ambalo barabarani hakuwahi kulifanya. Alimwendea Kapteni, muuza vigae mwenye kofia nyeupe ya nahodha na boti iliyokuwa na skrini nyingi kuliko madirisha. Skrini zote zilikuwa zinawaka, na kila moja ilionyesha kwa usahihi wa kutisha kwamba boti imefungwa gatini.

"Chukua kubwa," alisema Kapteni. "Mambo ya kubanabana waachie wenye mitumbwi. Hii hapa inanionyesha mpaka meli zilizoko baharini."

"Bahari yenyewe iko wapi?"

"Mbali mno, mzee wangu. Ndiyo maana nahitaji kifaa."

"Na mara ya mwisho ulitoka lini?"

"Fundi bado anaunganisha," alisema Kapteni, akairekebisha kofia.

Basi wakaenda dukani wenyewe, mke na mume. Duka la vifaa vya majini lilikuwa chumba kirefu chenye harufu ya mpira mpya, kamba za nailoni zikining'inia kwa rangi kama peremende, na makoti ya mvua yamepangwa ukutani kama wageni walionyimwa viti. Muuzaji alikuwa mwanamume mwembamba, mwenye sauti ya mtu anayesoma taarifa ya habari. Aliwasikiliza, akaingia nyuma, akarudi na vifaa vitatu, akavilaza juu ya kaunta ya kioo.

Cha kwanza kilikuwa na ukubwa wa trei ya chai. Hakikuwa na kitufe hata kimoja; kila kitu ni kugusa.

"Hiki kina ramani za bahari zote," alisema muuzaji.

"Na ziwa letu?"

Muuzaji aliikuza ramani kwa vidole viwili, akaikuza tena, akaendelea kuikuza mpaka ziwa likajitokeza: doa la bluu, safi, bila kisiwa hata kimoja.

"Visiwa viko wapi?" aliuliza Mama Pacha.

"Kwa ramani hii, mama, hakuna."

"Vingekuwa havipo tusingekuwa hapa."

Mwalimu Breki aliomba kifaa kitolewe nje. "Mwanafunzi simpimi akiwa kivulini," alieleza. Kando ya barabara, kwenye jua, alivaa miwani yake ya jua na kukitazama. Skrini ilikuwa nyeusi tii.

"Kimezimika."

"Hakijazimika, mzee. Ni hiyo miwani ya kukata mng'ao, inaificha skrini. Ivue."

"Ziwani siivui."

"Basi inamisha kichwa upande."

Mwalimu Breki aliinamisha kichwa, ramani ikatokea. Wapita njia walipunguza mwendo kumtazama mtu mzima aliyesimama ukingoni mwa barabara, shingo imepinda, anaichekea trei.

"Shingo ikikaza," Mama Pacha alimuuliza muuzaji, "dawa yake mnayo hapa, au anipitie dukani kwangu?"

Kisha akachovya kidole kwenye chupa yake ya maji na kuigusa skrini mara moja, kwa adabu. Ramani ikaruka kutoka ziwani ikatua katikati ya barafu, mahali ambapo hapakuwa na jina. Muuzaji alikikumbatia kifaa kifuani na kukirudisha ndani bila maneno.

Cha pili kilikuwa cha kushika mkononi, kidogo, cha rangi ya chungwa.

"Kikianguka majini kinaelea," alisema muuzaji.

Hapo alikuwa amegusa kidonda. Mwalimu Breki alikipokea kwa mikono miwili, akamfikiria marehemu simu. Lakini kioo chake kilikuwa kama kifuniko cha soda, na humo ndani walikuwa wamebana ziwa, visiwa, saa, mwendo, na mshale mwembamba kama unywele.

Mama Pacha alikiweka mbali na macho, kisha karibu, kisha mbali tena. "Maandishi madogo nayasoma kwa mshahara," alisema. "Jumapili nataka makubwa."

Kikabaki cha tatu. Hakikuwa na sura ya kumvutia mtu. Kilikuwa na ukubwa wa kitabu cha kawaida, vitufe vinene pembeni, na skrini iliyoonekana hata ukiwa na miwani na shingo iliyonyooka. Kilipokea kidole kilicholowa bila kulalamika. Kiliwekwa kadi ya ramani ya maziwa, na ziwa lao likatokea likiwa na visiwa vyake vyote. Kilikuja pia na kipande cha kufunga chini ya boti, chenye kazi ya kupima kina, ili mtu ajue maji yaliyo chini yake ni ya kuogelea au ya kusimama. Na betri ndogo ya boti ilikitosha.

Mwalimu Breki alikizungusha, akabonyeza kila kitufe mara mbili, akauliza maswali ambayo kawaida humuuliza mwanafunzi kabla ya kumpeleka kwenye mtihani. Kifaa kilijibu kwa mlio mmoja mfupi.

"Hiki kina nidhamu," alisema.

"Kuna ndugu yake anayeongea," alisema muuzaji, akaona mlango wa kuuza zaidi umefunguka. "Anakwambia kabisa: geuka kulia, geuka kushoto, punguza mwendo."

Mwalimu Breki alisimama kama mtu aliyetukanwa na mtoto. Geuka kulia, geuka kushoto, punguza mwendo: hayo maneno ndiyo yaliyosomesha mapacha. Kuyasikia sasa yakitoka kwenye boksi, tena yakielekezwa kwake, hapana.

Mama Pacha aliiona ile shingo ya mumewe ikikaza bila msaada wa miwani. "Tupe huyu asiyesema," alimwambia muuzaji. "Sauti ikihitajika nitaitoa mimi." Kisha akauliza, "Na madhara yake?"

"Madhara?"

"Kila kitu kina madhara. Yameandikwa wapi?"

Muuzaji alimpa kijitabu cha maelekezo. Kilikuwa kinene. Uso wa Mama Pacha uling'aa kama wa mtu aliyeletewa zawadi, na Mwalimu Breki, aliyekuwa hajauona uso huo ukielekea upande wowote wenye maji tangu siku ya lori, alilipa bila kuomba apunguziwe.

Sasa, Mwalimu Breki alikuwa na utaratibu mmoja ambao hakuwahi kuubadilisha: somo la kwanza ni la mezani. Wanafunzi wake wote walianzia kwenye meza ya jikoni kwake, wakishika sahani kama usukani na kukanyaga vigae vya sakafu kama klachi. Hata gari hawaruhusiwi kuligusa kabla sahani haijatulia mikononi. Kwa hiyo kifaa nacho kikaanzia mezani. Alikiunganisha na betri, akakisogeza dirishani kipate setilaiti. Kutoka dirisha hilo, ng'ambo ya barabara na bonde la matete, ziwa lilionekana likimetameta. Gati lenyewe lilikuwa nyuma ya kilima. Kwa gari unazunguka.

Kifaa kilipata setilaiti zake. Mwalimu Breki alivaa miwani ya kusomea na kuanza kubonyeza. Mlio mmoja. Mlio wa pili. Kisha mlio mrefu, wa furaha.

"Umebonyeza nini?" Mama Pacha aliuliza kutoka sebuleni, ambako alikuwa bado kwenye kurasa za mwanzo za kijitabu, zile za kuonya watu wasikitafune kifaa.

"Naweka alama ya nyumbani. Ili tukitaka kurudi, kitufe kimoja tu."

"Si ungengoja nifike hapo?"

"Mengine hayahitaji kijitabu, Mama Pacha. Nyumbani napajua."

Jumapili ilifika ikiwa na anga safi. Dada Mkubwa alikuwa ameshatangulia gatini na mwavuli, chupa ya chai na sura ya msimamizi wa mtihani. Kapteni naye alikuwepo, akipiga mluzi, na simu yake ilikuwa mkononi, tayari kumwita mnunuzi. Dumu lilishushwa likawekwa kando ya gati, na Mama Pacha akapanda. Alivaa jaketi okozi, akafunga kila mkanda kama karatasi yake ilivyosema, akaweka kijitabu ndani ya mfuko wa plastiki magotini. Boti, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, ilisimama wima bila msaada wa maji ya bomba.

"Mkipotea semeni mapema," alisema Dada Mkubwa. "Nisije nikakaa hapa mpaka kope zikaota mvi."

Kwenda kulikuwa raha tupu. Walilenga kisiwa chenye jiwe jeupe, na kwenye skrini mstari wa nukta ulijichora nyuma yao kama uzi unaofumuka kwenye sweta. Walipita kiti cha bluu mara moja tu, na Mama Pacha alikipa salamu fupi, ya watu walioachana kwa amani. Karibu na kisiwa, ndege mweupe aliinuka majini na samaki mdomoni.

"Umeona?" alisema Mwalimu Breki.

"Nimeona," alisema Mama Pacha.

Mwalimu Breki alijifanya anakagua injini kwa muda, na injini haikuwa na tatizo lolote.

Walikula na kunywa chini ya lile jiwe. Walipoanza kurudi, mvua nyepesi ikashuka na kufunika kila kitu kama pazia la bafuni. Visiwa vikapotea, kilima kikapotea, ng'ambo ikapotea. Mwalimu Breki hakutetereka. Alibonyeza kitufe cha nyumbani kwa kidole kimoja, kwa madaha, kama mtu anayeita lifti. Mshale ukatokea, ukanyooka, ukatulia.

"Hii ndiyo raha yake," alisema. "Unaufuata tu."

Waliufuata. Baada ya mwendo mrefu, kitu cha kijani kilianza kujitokeza mbele kwenye mvua. Kilikuwa kirefu, na kilikuwa kinapepea.

"Ni matete," alisema Mama Pacha.

"Mshale unasema mbele."

"Kina kinasema mita mbili."

"Kifaa hakikosei, Mama Pacha."

"Mita moja na nusu. Na hicho kinachosema ni kifaa hichohicho."

Mguu wa kulia wa Mwalimu Breki ulikanyaga sakafu ya boti kwa nguvu. Sakafu ya boti haikuwa na la kufanya. Waliingia kwenye matete taratibu, kwa heshima ya jina lililoandikwa ubavuni, mpaka injini ikakohoa na kunyamaza. Chura mmoja aliwatazama. Mshale ulikuwa bado umenyooka mbele, kupita matete, bila wasiwasi wowote.

Mama Pacha alisogea karibu na skrini, akaisoma kama anavyosoma mwandiko wa daktari. "Baba Pacha. Hapa nyumbani ulipoweka alama, ulikuwa wapi?"

"Mezani."

"Jikoni?"

Mwalimu Breki alilitazama bonde la matete. Nyuma yake, kadiri mvua ilivyoruhusu, kulikuwa na barabara. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na nyumba, na kwenye nyumba kulikuwa na dirisha analolijua vizuri sana, kwa sababu pazia lake alilining'iniza yeye mwenyewe, na limepinda. Kifaa kilikuwa kinafanya kazi kwa uaminifu mkubwa. Kilikuwa kinaipeleka boti, abiria na injini, moja kwa moja mpaka kwenye sinki.

Alizima mshale. Maji yalitiririka kwenye ukingo wa kofia yake. Alifikiria dumu pale gatini, lilivyosubiri kwa utulivu likijua zamu yake inarudi. Akafikiria mnunuzi aliyeko upande wa pili wa simu ya Kapteni. Kisha akasema neno ambalo kinywa chake hakikuwa na mazoea nalo.

"Tumepotea."

Mama Pacha aliinamia kijitabu magotini. Mabega yake yalianza kutikisika, na Mwalimu Breki akadhani ni baridi. Haikuwa baridi. Alicheka mpaka jaketi okozi likampanda masikioni, akacheka mpaka chura akaondoka.

"Jikoni," alisema alipopata pumzi. "Tungefika, tungekuta sufuria imeshachemka."

"Mama Pacha, nimekwambia tumepotea."

"Bado. Sogea." Alifungua mfuko wa plastiki, akafungua kijitabu mahali palipokunjwa pembe. "Ile njia tuliyojia kifaa kimeiandika. Nilisoma jana usiku, wewe unakoroma. Unabonyeza hiki, kisha hiki, inasema: rudi ulikotoka." Mlio ukasikika. Uzi wa nukta ukatokea, ukipita kati ya visiwa mpaka gatini. "Haya. Washa. Rudi nyuma. Angalia kioo kwanza."

"Boti haina kioo."

"Geuza shingo basi. Si uliizoeza dukani?"

Aligeuza shingo. Boti ikajinasua kinyumenyume, ikiburuta matete kama bibi harusi anavyoburuta shela. Wakatoka kwenye maji ya wazi.

"Kulia," alisema Mama Pacha, macho kwenye skrini. "Kulia kidogo. Hapo hapo. Nyoosha."

"Nadhani tukikata kushoto pale…"

"Wewe endesha, mimi nielekeze. Tukifanya yote mawili kila mtu?"

"Tutafika mtaroni," alisema Mwalimu Breki.

"Punguza mwendo."

Akapunguza. Ilikuwa ajabu kwake, kusikia maneno yake yote ya kazi yakitoka kwa mtu mwingine, moja baada ya jingine, kwa mpangilio, bila kosa. Ajabu zaidi ni kwamba hayakumkera. Kiti cha bluu kilitokea upande wa kushoto, mara moja, mahali pake, kikaachwa nyuma.

Mvua ilikuwa imekatika walipofunga kamba. Dada Mkubwa alikuwa amesimama, mwavuli bado umefunguliwa. Kapteni aliisogeza simu karibu na sikio.

"Mmechelewa," alisema Dada Mkubwa. "Mmepotea?"

Mwalimu Breki alifungua mdomo ili kusema kweli. Mkewe alimwahi.

"Hatukupotea, Dada. Muda wote tulijua tunakokwenda, na tulikuwa tunakwenda nyumbani, tena kwa njia ya mkato. Ila kuna nchi kavu katikati."

Dada Mkubwa aliitazama injini, ilivyojifunga matete kiunoni. Aliitazama kofia ya shemeji yake, ambayo ilikuwa na tete moja lililosimama kama kalamu. Kisha akamtazama mdogo wake, aliyelowa chapachapa na kushika kile kijitabu kifuani, akiwa na uso ambao Dada Mkubwa alikuwa hajauona tangu mapacha wahame.

"Umefaulu, shemeji," alisema mwisho, akafunga mwavuli. "Mwandiko mbaya, lakini umefaulu."

Kapteni alirudisha simu mfukoni. Mwalimu Breki aliliinua dumu kwa mikono yake miwili, akalifungua, akalimimina lote ziwani, akasimama kulisikiliza likiisha. Mama Pacha yeye alikuwa bado hajashuka. Alikuwa ameinama juu ya kifaa, na kutoka hapo gatini ukasikika mlio mrefu, wa furaha.

"Sasa hapa ndipo nyumbani," alisema. "Na Jumapili ijayo usukani nashika mimi."

Jumapili iliyofuata alikuja na kibao cha L alichokibandua kwenye gari la mumewe, akakibandika ubavuni mwa boti, juu ya ile herufi iliyokuwa ikichungulia maji. Mwalimu Breki alikaa kwenye kiti cha dumu, kifaa mbele yake, akisema kulia na kushoto kwa sauti ya upole aliyokuwa hajawahi kuitumia na mwanafunzi yeyote. Kila walipokaribia kisiwa, mguu wake wa kulia ulikandamiza sakafu.

"Boti haina breki, Baba Pacha," alisema mkewe bila kugeuka.

"Najua," alisema Mwalimu Breki, na akaendelea kukanyaga.